Mihogo ya Siku Moja

Mahurunga,
14 Novemba 2022

Kaka yangu Americo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, wifi Veronika na kichanga chenu ambacho hata sura yake sijaijua. Sisi huku tupo, Mungu anatuvuta. Mume wangu Silvio mgongo umemrudia, sasa analala chini kwenye mkeka, anadai kitanda kinamla. Mvua hakuna. Korosho tumeokota kidogo, nyingine zimeanguka zikiwa tupu. Barua hii nampa Issa wa pikipiki kwa sababu simu siiwezi. Mtandao unashika pale dukani tu, na pale ukizungumza na ndugu yako umezungumza na kijiji kizima.

Mwanao Vania anaendeleaje? Leo ni wiki ya tatu tangu uje kumchukua. Kila nikikaa peke yangu namwona asubuhi ile. Aliamka, akaweka miguu chini, miguu ikakakamaa na kutetemeka, akaanguka. Akanitazama akicheka, maana alidhani ni ganzi. Na mimi nikacheka naye, kaka. Nikamwambia simama, mvivu wewe.

Huku wanasema karogwa. Wanamtaja Bi Shamimu, yule mjane wa ng'ambo ya njia. Sababu yao ni mamba. Tangu mwezi wa nane mamba alipomchukua mama mmoja pale mtoni tunapoloweka mihogo, hakuna mwanamke aliyerudi pale isipokuwa Bi Shamimu. Anashuka na kiroba chake kichwani, analoweka, anapanda, hajaguswa hata kanga. Basi watu wanasema mamba ni wake, kamfuga. Jumuiya yetu imesali rozari siku tisa kwa ajili ya Vania, na kwa kuwa mwenyekiti ni mimi, niliyeongoza ni mimi. Walitaka niseme, "Bwana, mfichue aliyemfanyia mtoto huyu." Nimesema siku zote tisa.

Kuna jambo nataka kukuandikia. Nimelianza mara mbili, nikachana karatasi. Acha kwanza.

Mbusu Vania.
Mdogo wako, Telma

* * *

Rahaleo, Mtwara,
3 Desemba 2022

Mdogo wangu Telma,

Milele amina. Barua yako nimeipata, imekunjwa mara nne ndani ya soksi ya Issa, hata kuishika nilisita. Veronika hajambo. Mtoto ni wa kiume na ananyonya kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Karakana ina kazi, nimepata oda ya madawati.

Vania anatembea kwa vidole, magoti yanasuguana, mkono mmoja ukutani. Shule hajarudi. Hospitali tumekwenda mara tatu. Daktari kauliza maswali mengi, kaandika, hajasema la maana. Hilo usiniulize tena.

Nikuulize mimi. Huyo mwanamke bado anakaa hapo? Anapita mbele ya mlango wako na kiroba chake na nyinyi mnamwitikia salamu? Mnangoja nini? Mtoto nilikukabidhi mzima, anaruka kamba. Sisemi kitu, Telma. Sisemi kitu, ila nilikukabidhi mzima.

Baada ya Noeli nakuja, na sitakuja peke yangu.

Hilo jambo lako la kuchana karatasi, kama ni la mikorosho ya marehemu mama, liache. Uliokota bila kuniambia, basi, yameisha. Siku hizi siyafikirii hayo.

Kaka yako, Americo

* * *

Mahurunga,
21 Desemba 2022

Kaka yangu Americo,

Nakutakia Noeli njema kabla haijafika, maana sijui Issa atapita lini tena. Pikipiki yake inamwaga mafuta. Silvio kasimama, anatembea na fimbo. Mvua ya kwanza imenyesha, kidogo tu, vumbi likanyamaza.

Usije, nakuomba. Jumapili iliyopita tulikuwa kanisani, na tuliporudi tulikuta jiko la Bi Shamimu linawaka. Makuti yote yamekwenda, na ukuta wa nyumba kubwa umepasuka. Yeye alikuwa shamba. Alirudi akasimama njiani, akatazama, hakupiga hata ukunga. Kijana wake kamchukua siku hiyo hiyo kampeleka kwake Mpapura. Alipopanda pikipiki alinitazama, kaka. Kulikuwa na watu thelathini pale, akanitazama mimi.

Tangu siku hiyo mwili wangu si wangu. Nikisikia pikipiki, mate yananikauka. Nikiitwa jina langu, hata na Silvio, nashtuka mpaka naangusha nilichoshika. Jana nimeongoza sala nyumbani kwa jirani, nikafika pale pa kumwomba Bwana amfichue aliyefanya, sauti ikakatika. Nikafungua mdomo, hewa tupu. Akina mama wakasema ni uchungu wa mtoto, wakanipangusa uso. Nikawaacha wanipanguse.

Kaka, nakupigia magoti. Usije na hao watu. Yule mama ameshakwenda.

Telma

* * *

Rahaleo,
10 Januari 2023

Telma,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Vania amepata fimbo mbili nilizomchongea mwenyewe. Moja ilikuwa ndefu, nikaikata.

Nimesikia habari ya jiko. Kama kaenda Mpapura, Mpapura si Ulaya. Niandikie yuko kitongoji gani.

Sijui kwa nini unamlilia. Sijui unaogopa nini. Mtu asiye na kosa haogopi hivyo.

Americo

* * *

Mahurunga,
30 Januari 2023

Kaka yangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Silvio hajambo. Shamba tumepalilia. Barua hii ukiisoma, ukae kwanza, na Veronika asiwepo, wala Vania. Kaka, kitongoji sikwambii, maana hakuna mchawi. Ni mimi.

Unajua mihogo yetu, ile michungu. Mama alitufundisha wote wawili: ilale majini siku nne, ianikwe mpaka ikauke kabisa, ndipo itwangwe. Wakati ule Vania yuko kwangu, visima vilikuwa vimekauka, kilichobaki kilitoa maji ya chumvi ya kunywa kwa shida. Mtoni kuna mamba. Niliogopa. Nilishuka mara moja na kiroba changu, nikaona maji yametulia tu, nikarudi mbio mpaka kiatu kikabaki. Basi nikawa namenya, natwanga mbichi, naanika kutwa moja, jioni nasonga ugali. Nilisema jua ni kali, litatosha. Wiki tano, kaka. Samaki hakuna, maharage hakuna. Mimi na Silvio tulikula mara moja kwa siku. Vania nilimpa mara tatu, kwa sababu ni mgeni, ni mwanao, sikutaka arudi mjini aseme kwa shangazi nilikaa na njaa.

Aliniambia. Hili ndilo linaloniua. Alisema, "Shangazi, ugali huu mchungu." Nikamwambia kula, mtoto wa mjini usideke. Akala. Alikuwa anaumwa kichwa, anatapika, nikasema ni minyoo.

Na Bi Shamimu aliniambia. Alipita uani kwangu, akaona nilivyoanika, akashika kipande akakionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akasema, "Telma, hii bado. Nipe nikulowekee pamoja na yangu, nashuka kesho." Nikamjibu kwamba sihitaji mihogo iliyolala na mamba wake. Ndiyo, kaka. Neno la mamba wake lilianza mdomoni mwangu, kwa mzaha na hasira, mbele ya watu wawili. Baada ya hapo likatembea lenyewe.

Sasa ujue nilivyokuwa. Siku zote nilikuwa naogopa atasema. Ndiye mtu pekee aliyejua. Jiko lake lilipoungua, Mungu anisamehe, moyoni mwangu nilisikia nafuu. Nilisema, anakwenda, hatasema tena. Halafu akanitazama pale kwenye pikipiki.

Sikuweza kusali tena. Nilipokea komunyo siku ya Noeli na dhambi hiyo mdomoni, na tangu hapo niliogopa hata kupita mbele ya kanisa, nilizunguka kwa njia ya mashambani. Niliona Mungu ananitazama kama yule mama alivyonitazama. Kisha juma lililopita nilikuwa nafagia uani, mchana kweupe, nikachoka. Nikaweka ufagio chini nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kuku wananizunguka. Sikusema sala ya kitabu. Nilisema, "Bwana, uliyeombwa umfichue ni mimi. Ni mimi. Ni mimi." Sijui nilisema mara ngapi. Silvio alinikuta hapo akadhani nimeanguka.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikemea hata kidogo, nami nilikuwa nangoja anikemee. Aliuliza, "Mama yule yuko wapi sasa?" Nikasema Mpapura. Akaniondolea dhambi. Akasema, "Mungu amekusamehe, usirudi kuuliza tena kama amekusamehe. Sasa nenda ukalirudishe jina la mama yule. Umelinyamazia likichomwa."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka kanga ikalowa. Nilikuwa mwepesi, kaka, nilisikia njaa kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Halafu nikakumbuka wewe, woga ukarudi. Kwa Mungu nimeshapita. Kwako sijui.

Nimemvunja mtoto wako. Siombi usinikasirikie. Naomba usiende Mpapura.

Telma

* * *

Mahurunga,
14 Machi 2023

Kaka yangu Americo,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika tena ingawa hujajibu. Issa anasema barua alikupa mkononi tarehe nne Februari, kabla maji hayajakata barabara, na ulipoisoma uliingia ndani ukafunga mlango. Kila siku nasema leo atakuja. Nikisikia sauti ya mwanamume njiani natazama kwanza kupitia tundu la ukuta. Silvio ananicheka, ila naye nimemwona anachungulia.

Nimefanya alivyosema padri. Nilisimama katika jumuiya. Nikasema yote, mihogo na neno la mamba. Mmoja alichukua mwanawe aliyekaa karibu nami akamhamishia upande wa pili. Uenyekiti wameninyang'anya, ni haki yao. Silvio hakusema nami siku tatu. Lakini wakati wa kutoka, wanawake wawili walinifuata mpaka kwenye mchongoma, wakaanza kulia. Nao walikuwa wakipika mihogo ya siku moja. Walikuwa wakiogopa kama mimi. Sasa mvua ipo, tunaloweka kwenye mapipa.

Kisha nikaenda Mpapura, nikafika kwa Bi Shamimu. Nilipiga hodi nikiwa nimeshika ukuta. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Nikasema yangu nikiwa nimesimama. Nikamuuliza kwa nini hakunisema siku zote zile, naye alijua. Akasema, "Ningesema mimi, wangesema mchawi anasingizia. Nilingoja useme wewe."

Nikamwomba msamaha. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Wewe, Telma, nimekusamehe, nimeshamwambia Mungu wangu. Ila aliyewasha moto bado hajaja, na nyumbani sirudi mpaka aje." Nikamwambia simjui. Akaniambia hata yeye hamjui, ila moto hauwashwi na hewa.

Kaka, niandikie hata matusi. Kimya chako kinanitisha kuliko matusi.

Telma

* * *

Rahaleo,
Jumanne ya Juma Kuu, 4 Aprili 2023

Mdogo wangu Telma,

Milele amina. Veronika hajambo, mtoto ameanza kukaa. Vania amerudi shule. Anakwenda na fimbo zake mbili na rafiki anambebea begi. Daktari anasema hatatembea kama zamani, ila hali haitazidi kuwa mbaya.

Sasa sikia. Barua hii imenichukua miezi miwili. Nimezoea kushika randa, kalamu inanishinda, na hili linanishinda zaidi.

Nilijua. Siku ya kwanza kabisa hospitalini daktari aliniuliza mtoto amekula nini, nikasema alikuwa Mahurunga, akasema basi ni sumu ya mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, na kukosa chakula kingine. Alinieleza mara mbili. Nilikuandikia kwamba hajasema la maana. Alisema lote.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu angeniuliza mtu yeyote, Veronika au wewe, kwa nini mtoto hakuwa na chakula kingine. Wakati ule nyumbani kwangu kulikuwa na gunia la sembe. Nilikuwa nimekuahidi. Lilisimama nyuma ya mlango wiki zote tano. Issa alipita mara mbili akauliza kama kuna mzigo wa Mahurunga, nikamwambia bado. Ilikuwa mikorosho, Telma. Uliokota bila kuniambia, nikasema ngoja njaa imfundishe, ngoja aniombe. Nilijua hutaniomba. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa kwako na mimi nakukomoa.

Kwa hiyo nilipomsikia mchawi, nilimshika kwa mikono miwili. Nilihitaji awepo.

Na moto. Sikuja baada ya Noeli kwa sababu nilikuwa nimeshafanya. Nilipiga simu pale dukani kwenu, nikawapata vijana ninaowajua, nikawaambia mnangoja nini, mna mikono au hamna. Nilisema hivyo nikiwa nimeshaambiwa na daktari. Wewe uliogopa mamba. Mimi nilikuwa najua kila kitu.

Barua yako ilipofika niliingia ndani nikafunga mlango. Issa amesema kweli. Nilijiona mtu aliyesimama kwenye maiti ya mwingine anauliza nani kaua. Wewe uliomba msamaha kwa mtu ambaye kosa lake ni kubwa kuliko lako, na hukujua.

Naogopa, Telma. Sijawahi kukuambia neno hili tangu tuzaliwe. Naogopa kulala, naogopa Veronika atakapojua, naogopa fimbo zile zinavyogonga sakafu asubuhi. Jioni tunasali, na kila tukifika pale pa "kama tunavyowasamehe na sisi", mimi nanyamaza. Vania kagundua. Juzi kaniuliza, "Baba, mbona pale huwa hutamki?" Jana nikaenda kanisani kabla ya kazi, nikapiga magoti, nikajaribu lile lako: ni mimi. Lilitoka mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, nikageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia. Lakini lilitoka. Padri amenipa nafasi ya kuungama kesho asubuhi.

Wewe sina cha kukusamehe, sikuwa hata na haki ya kukukasirikia. Ukiweza, nisamehe. Usipoweza nitaelewa.

Kaka yako, Americo

* * *

Mahurunga,
17 Aprili 2023

Kaka Americo,

Pasaka imepita, kwako sijui, kwetu ilikuwa na wali na jogoo mmoja mgumu. Silvio anakusalimu, ila salamu yake ni fupi, nimemwambia yote.

Nitakuambia ukweli. Barua yako niliisoma mara moja nikaitupa. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Niliona gunia lile nyuma ya mlango wako, nikamwona Vania anasema ugali mchungu, na mimi namwambia kula. Nilikutukana kwa sauti mpaka Silvio akatoka nje. Nilisema, huyu sitamsamehe, Mungu amsamehe mwenyewe akitaka. Siku ya Pasaka niliimba na wenzangu, moyoni nakutukana.

Siku tano sikusali. Siku ya sita niliokota barua nikaisoma tena. Ndipo nikaona nilichokuwa nakuomba mimi tangu Januari, na nilichomwomba yule mama nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Sikujua ni kikubwa hivi. Nilidhani ni neno tu, mtu analisema ukilia vya kutosha. Yeye alinisamehe akiwa anachambua mchele, na jiko hana.

Jana kanisani tulipofika pale unaponyamaza wewe, nami nilinyamaza. Wenzangu wakapita mbele, wakamaliza, wakasema amina. Nikabaki peke yangu nyuma yao. Nikataja jina lako. Nikasema, Bwana, huyu nimemsamehe, na kama bado, unimalizie. Nikatoka nje. Leo asubuhi nimeangalia kama bado ninayo ile hasira. Ipo kidogo. Jina lako naweza kulitaja.

Basi njoo. Vania usimwache, aje, na umwambie mwenyewe kabla hamjapanda gari, asije akasikia kwa watu. Veronika pia. Ukifika kwangu usianze kujieleza mlangoni, Silvio atakujibu vibaya. Ingia, kaa, ule.

Kesho yake tutakwenda Mpapura, mimi na wewe. Inawezekana atakupeleka polisi, na akitaka hivyo utakwenda, mimi nitakuletea chakula. Naogopa kwa ajili yako, sikufichi. Nitatembea nawe mpaka uani. Kuanzia pale, hodi utapiga wewe.

Dada yako, Telma